Kiti cha Baba Mkwe

Waya wa kwanza niliouchomoa kwenye pikipiki ya baba mkwe ulikuwa waya wa spika. Wa pili ulikuwa waya wa nyumba, ule mgumu unaopitishwa ukutani kwenda kwenye balbu. Wa tatu sikuutambua mpaka nilipoufuta vumbi, nikaona ni kipande cha waya wa chaja ya simu, kimekatwa kwa meno. Nasema meno kwa sababu alama zilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nje ya ghala la mahindi, nyumbani kwao mume wangu upande wa Tongaren, nikamtukana yule fundi wa Bungoma mjini ambaye sijawahi kumwona kwa macho. Kiswahili kiliponiishia nikaendelea kwa lugha ya mama yangu.

Nilipoondoa tangi la petroli ndipo nilipoona mbaya zaidi. Mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, imekunjwa na kusokotwa vizuri kabisa. Fyuzi kazi yake ni kuungua ili waya usiungue. Karatasi ile haiungui upesi. Waya mmoja ukichubuka na kugusa chuma, moto unaanzia pale pale chini ya petroli, katikati ya mapaja ya mzee. Na huyo fundi, baada ya kumwekea mzee wa watu bomu, alimwekea pia taa ndogondogo za rangi zinazocheza akikanyaga breki. Mzee wa zaidi ya miaka sabini, anakwenda kwa wakulima kuhudumia ng'ombe, amefungiwa taa za disko! Nilizing'oa zote nikazirusha kwenye shimo la takataka.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Nimezaliwa Kitale, wazazi wangu walitoka upande wa kati wa nchi wakanunua shamba huku, na kibanda changu kiko nyuma ya stendi ya malori. Nasuka upya koili za jenereta, natengeneza stata, nafuatilia waya uliokatika ndani ya lori mpaka niupate. Mume wangu ni mtu wa Bungoma, anafanya kazi ya ofisi mjini huko, ni mpole, na upole wake umewahi kunikasirisha kuliko ukali wa mtu yeyote. Baba yake ndiye mwenye pikipiki. Ni daktari wa ng'ombe, kama watu wanavyomwita, ingawa kazi yake hasa ni moja: kupandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali anazobeba kwenye mtungi wa baridi. Alistaafu serikalini lakini wakulima hawakumstaafisha. Wanampigia simu kutoka Kiminini, kutoka Tongaren yote, hata kuna mkulima wa Kapsokwony aliyekuwa anamtaka yeye tu.

Na kazi hiyo ina saa zake. Ng'ombe akionekana ana joto la kutaka dume asubuhi, anahudumiwa jioni. Huwezi kumwambia asubiri kesho kwa sababu kuna giza. Kwa hiyo mzee hutoka jua likishuka, mtungi umefungwa nyuma kwa mpira, na kurudi ni gizani.

Pikipiki yenyewe ni ya miaka ya sabini, aliinunua kwa mmishonari aliyekuwa anarudi kwao. Injini yake haijawahi kumsumbua mtu. Shida ni umeme. Ni wa volti sita, na taa ya volti sita ni ya kuonea huruma. Ukienda kasi unaona kidogo. Ukipunguza mwendo, yaani pale hasa unapofika kwenye shimo au kona na unahitaji kuona, taa inageuka rangi ya kiini cha yai, halafu inafifia. Mzee alikuwa tayari ameshaingia kwenye ua wa mtu mara moja kwa sababu hiyo. Hakuumia sana, lakini shemeji yangu mkubwa aliitisha kikao. Huyu shemeji ana kinu cha kusaga unga, ana tumbo, na ana sauti. Akasema, na wote wakaitikia, kwamba mzee akianguka tena pikipiki inauzwa, na mzee atulie nyumbani kama wazee wenzake. Mzee alitoka nje akaenda kusimama na ng'ombe wake. Mimi nilimwona kupitia dirisha, na mgongo wake ulitosha kunieleza. Mtu yule akinyang'anywa pikipiki, hamalizi mwaka.

Ndipo nikasema nitaitengeneza mimi. Nitang'oa kila kitu, nisuke waya mpya, niipandishe iwe ya volti kumi na mbili, iwe na taa ya kweli.

Lazima niseme sasa jambo moja, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Kwa kina mume wangu, mkaza mwana na baba mkwe hawakaribiani. Hamshiki mkono. Hali naye meza moja. Hakalii kiti chake. Siku yangu ya kwanza pale nilimnyooshea mkono nimsalimie, kama ninavyomsalimia baba yangu, na mzee akaruka nyuma kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Wanawake waliangua kicheko mpaka wakafunika nyuso kwa leso. Nilifundishwa hapo hapo, na nikafuata. Sikuona ubaya. Kila nyumba ina desturi zake, na kwetu pia ziko ambazo mume wangu alizimeza bila maji. Na kiti ni kiti, kiwe cha sofa au cha pikipiki. Hilo nililiuliza wazi kabla sijashika bisibisi. Shemeji akaniambia, "Kushikashika chuma ni sawa, hiyo ni kazi. Lakini kupanda hapana. Hiyo utakuwa umetukosea sisi wote."

Ningeipeleka pikipiki Kitale, mfanyakazi wangu yeyote angeipanda. Lakini mzee alikataa isitoke nyumbani. Baada ya yule fundi wa Bungoma kukaa nayo na kuirudisha na taa za disko, na baadhi ya vifaa vya asili havikurudi kabisa, alikuwa ameapa. Sikumlaumu. Nilibeba vifaa vyangu nikaenda kufanya kazi pale pale, nje ya ghala.

Kazi ilikuwa nzuri, na nitaisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyeisifu. Koili ya taa niliichukua nikaenda kuisuka Kitale kwa waya mwembamba zaidi na mizunguko mingi zaidi, nikarudi nayo. Nikafunga regyuleta ya hizi pikipiki za boda, ya kuzuia umeme usizidi, inapatikana kila mahali, ikifa leo kesho una nyingine. Betri mpya, balbu mpya, honi mpya inayosikika. Nilisuka waya mmoja mmoja kwa rangi yake, nikauingiza ndani ya mpira, nikabana kila ungio na kulehemu. Fyuzi niliweka fyuzi, siyo pakiti ya sigara. Sehemu ya moto, yaani kule kunakotoka cheche ya injini, sikuigusa. Iko peke yake, haitegemei betri, na ilikuwa haina kosa. Maana yake ni kwamba hata taa zikifa zote, injini inaendelea. Wakati ule niliona hilo ni jambo jema.

Mzee alikuwa anafuatilia. Lakini alifuatilia kwa njia yake. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa madoa, aliyefungwa upande wa pili wa ghala, na mzee angekuja kusimama hapo ukuta ukiwa kati yetu, aanze kuongea na ng'ombe kwa sauti ya kunifikia.

"Ng'ombe," angesema, "hii taa mpya itawaka hata kama nimeenda polepole?"

Nami ningejibu nikiangalia bisibisi yangu, "Itawaka."

"Ng'ombe, na honi?"

"Honi pia."

Mwanzoni nilicheka. Baadaye nilizoea, na baadaye zaidi nilianza kuongea na ng'ombe mwenyewe. Nilimwambia ng'ombe kwamba yule fundi wa Bungoma anastahili kufungwa kamba mahali pake. Nikasikia mzee anakohoa, kikohozi cha mtu anayejizuia. Ilikuwa njia ya ajabu ya kuongea, lakini tuliongea, na nadhani hakuna mtu mwingine katika boma lile aliyekuwa ameongea naye kwa urefu huo tangu mama mkwe afariki.

Basi nikamaliza. Nikawasha. Taa iliruka ukutani nyeupe, pana, nikaona mpaka nyufa. Nikapunguza injini mpaka ikabaki inakohoa tu, na taa haikutetereka. Watoto walipiga makofi.

Lakini fundi yeyote wa pikipiki anajua kwamba pikipiki iliyo juu ya stendi si pikipiki. Mpaka mtu aikalie, kiti kilale, springi zibonyee, usukani ugeuzwe huku na huku barabarani, ndipo waya unakuonyesha ulipokasirika. Ni lazima ipandwe. Na mimi siwezi kuipanda. Mzee mwenyewe siku hiyo hakuwepo, alikuwa kanisani kwenye mkutano wa wazee. Nikampigia mume wangu Bungoma. Akasema, "Si umpe brother ajaribu?" Nikamwendea shemeji kwenye kinu chake, nikasimama kwenye kelele na vumbi la unga, nikamweleza polepole kama ninavyoeleza mteja mkaidi: panda, nenda mpaka Kiminini kwa ile njia mbovu, rudi, na ukiona chochote kimezima au kimenuka, simama unipigie simu. Akasema, "Hakuna shida shemeji. Balabala naijua hiyo. Kesho asubuhi, mapema."

Kesho yake nilikuwa Kitale, kulikuwa na lori la mtu likinisubiri. Mchana nikampigia. "Iko sawa bana," akasema. "Nimeenda Kiminini nikarudi. Hii taa ni moto." Akanitumia na picha: pikipiki nje ya ghala, taa inawaka mchana kweupe. Nilifurahi. Nilimwonyesha mwenye lori ile picha.

Siku hiyo hiyo jioni mzee alipigiwa simu na mkulima mmoja, akafunga mtungi wake, akatoka.

Nilielezwa baadaye ilivyokuwa, na vijana wa boda waliomwokota. Alikuwa anarudi. Giza lilikuwa limeshika. Mahali pale ambapo mvua imekula barabara pikipiki iliruka, na taa zote zikafa kwa mpigo, ya mbele, ya nyuma, kila kitu, na injini ikaendelea kunguruma kama kawaida. Fikiria. Taa ya zamani ilikuwa inafifia, macho yanapata nafasi ya kuzoea. Hii ilikuwa nyeupe kabisa, kisha hakuna. Mzee alikwenda gizani kwa mwendo ule ule aliokuwa nao, akaingia mtaroni, pikipiki juu yake. Mkono wake ulivunjika juu ya kiwiko. Mtungi ulimwagika. Vijana walimkuta amekaa kando ya mtaro ameshika mkono wake, anawauliza kama pikipiki imeharibika.

Kikao kilikuwa Jumamosi, sebuleni. Mimi niliketi karibu na mlango pamoja na wake wengine. Mzee hakuwepo ndani, alikuwa nje na ng'ombe wake, mkono umefungwa shingoni. Shemeji alianza kwa sala. Alisali vizuri, akamshukuru Mungu kwa uhai wa mzee, kisha akasema amina na kunigeukia bila hata kuvuta pumzi.

"Mimi sitaki kulaumu mtu," akasema. "Lakini ile taa ya kwanza, hata kama ilikuwa mbaya, haikuwa inazima yote. Si ukweli? Sasa ati tumeletewa ya kisasa."

Wakaitikia. Shangazi mmoja akasema kwamba kazi nyingine si za mwanamke, akaongeza haraka kwamba hanisemi mimi.

"Wewe si ulisema uliipanda?" nikamuuliza shemeji. "Si ulifika Kiminini?"

"Nilifika! Ilikuwa sawa! Imeharibikia kwa mzee, sasa mimi nitajuaje? Mimi ndio nilifunga waya?" Akafungua mikono, akawaangalia wenzake. "Kuna mtu Kapsokwony anaitaka hiyo pikipiki. Tulisema akianguka tena, tunauza. Ameanguka."

Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Sijui viatu vile vilikuwa na nini cha kuangaliwa. Nilingoja aseme hata neno moja, hata "ngojeni," na hakusema. Nikainuka nikatoka, na shemeji akasema nyuma yangu, "Unaona sasa, hasira."

Ndiyo. Hasira. Nilikuwa nayo, na sikuificha.

Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ghalani, ina matope. Mke wa shemeji alitoka nyuma yangu. Huyu mama tulikuwa hatujawahi kuwa marafiki sana, lakini aliniona uso akaja. Nikafungua kisanduku cha fyuzi: imeungua. Basi kuna waya uliogusa chuma mahali. Nikaweka nyingine, nikawasha. Taa ikaruka ukutani nyeupe kama siku ile ya kwanza. Nikatikisa usukani. Inawaka. Nikavuta waya huku na kule. Inawaka. Nikapiga injini, nikaiacha itetemeke. Inawaka! Ningeweza kulia. Nilizunguka pikipiki ile nikiisemesha vibaya, na kila kitu nilichokishika kilikuwa kizima, isipokuwa kile kimoja ambacho sikukijaribu, kiti, kwa sababu katika boma lile sikuruhusiwa kukishika kwa sehemu yoyote ya mwili isipokuwa mikono.

Nikageuka nikayaona magunia ya mahindi.

"Nisaidie," nikamwambia mke wa shemeji.

Tukashika gunia huku na huku, gunia zima la mahindi makavu, tukalibeba tukiyumba, tukaliinua, tukalishusha juu ya kiti. Springi zikalia. Kiti kikalala. Na taa ikafa.

Tulisimama pale tunahema. Yeye hakuelewa, mimi nilielewa. Tukalishusha gunia, nikainua kiti. Chini yake kuna springi mbili nene za zamani, na moja mwisho wake ulikuwa umekatwa zamani sana, pengine na mmishonari mwenyewe, ukabaki na ncha. Waya wangu mkuu ulipita hapo kandokando ya chuma cha fremu. Kiti kikiwa kitupu, kati ya ncha na waya kidole changu kilipita. Mtu akikalia, ncha inashuka moja kwa moja juu ya waya. Ilikuwa imetoboa mpira, ikatoboa ngozi ya waya, na shaba ilikuwa inanitazama. Ni kosa dogo. Mtu mzima yeyote, aliyekalia kiti kile akaenda nacho njia mbovu mpaka Kiminini, angelikuta kabla hajarudi nyumbani. Na shemeji yangu si mtu mzima yeyote. Ni mzito kuliko lile gunia.

Niliweka fyuzi nyingine. Kisha nikaenda mpaka mlango wa sebule, nikasimama pale mlangoni, nikasema kwa sauti ambayo nadhani walisikia mpaka kwa jirani, "Tokeni wote nje."

Wakatoka. Nadhani walidhani kuna moto. Nikawapanga nje ya ghala, nikaisukuma pikipiki mbele yao, nikaiweka kwenye stendi, nikawasha. Taa ikawapiga machoni.

"Shemeji," nikasema, "kaa."

"Nikae wapi?"

"Hapa. Ulipokaa ukienda Kiminini. Kaa tu, usiende popote."

Akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akasema suruali yake ni ya kanisa. Mke wake, na Mungu ambariki yule mama, akasema kwa sauti ndogo, "Kaa, baba." Akapanda. Alikaa polepole, kama mtu anayekalia maji, na taa ikafa kabla hajaachilia uzito wote.

Nikaweka fyuzi nyingine, nilikuwa nazo nyingi mfukoni. "Shuka. Unaona inawaka? Kaa tena." Hakukaa tena. Alishuka akasimama anapangusa suruali ambayo haikuwa na kitu. Nikawaonyesha ncha, nikawaonyesha shaba, nikawaambia kwamba kwa karatasi ya sigara ya fundi wao wa Bungoma taa isingezima, ni kweli, badala yake mzee angewaka yeye. Nikawaambia pia kwamba nimetafuta katika boma zima kitu cha kukalia kiti hiki, nikapata gunia. "Gunia linaruhusiwa," nikasema. "Mahindi yanaweza kukaa pale. Mimi niliyesuka kila waya siwezi, na mwenye kuweza amepiga picha."

Hapo ndipo tukamsikia mzee. Alikuwa upande wa pili wa ghala muda wote huo.

"Ng'ombe," akasema, "mimi niliona. Asubuhi hiyo nilikuwa hapa hapa. Huyu kijana hakupanda. Aliwasha, akapiga picha, akaenda kwa kinu yake. Si nilikuambia?"

Nilizunguka ghala. Sikufikiri. Nilimkuta amesimama na mkono wake uliofungwa, wa pili uko juu ya mgongo wa ng'ombe, nikasimama mbele yake karibu kuliko nilivyowahi, nikamwangalia machoni. Nyuma yangu nilisikia wanawake wanavuta pumzi.

"Mzee, uliona?"

Akamwangalia ng'ombe. "Nilimwambia huyu," akasema.

"Mimi nilikuwa Kitale! Ng'ombe hana simu, Mzee! Mimi ninayo!"

Nilimpigia kelele baba mkwe. Katika boma lile nadhani hakuna mkaza mwana aliyewahi. Mzee hakuruka nyuma. Akasema, bado anamtazama ng'ombe, "Mwambie nilijua haijajaribiwa. Nilipanda kwa sababu kazi ilikuwa ni yake."

Ningependa kusema kwamba hasira iliniisha hapo. Ilizidi. Nilimkasirikia kwa kuniamini hivyo, nikamkasirikia kwa kutoniambia, nikakasirikia ukuta wa ghala. Mtu amevunjika mkono kwa sababu kati ya mdomo wake na sikio langu kulikuwa na ng'ombe. Nilirudi kwenye pikipiki kwa sababu ndicho kitu pekee nilichoweza kukishika bila kukivunja. Nikachukua msumeno nikaikata ile ncha, nikaipiga tupa mpaka ikawa laini, nikauhamisha waya upande mwingine wa fremu, na mke wa shemeji akanisaidia tena kupandisha gunia. Tulilirusharusha pale juu. Taa ilibaki inawaka. Habari ya mnunuzi wa Kapsokwony haikutajwa tena, na mume wangu alikuja akaniletea maji ya kunawa, akasimama nayo muda mrefu kabla sijayapokea.

Tulipokuwa tunashusha gunia mzee alikuja. Hakunikaribia. Alitoa simu yake ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, mfukoni, akaiweka juu ya kiti cha pikipiki, akarudi nyuma mpaka ukutani, akageuza uso kuangalia shamba. Nilielewa. Niliichukua, nikaandika namba yangu. Ilipouliza jina nilisita kidogo, maana pale nyumbani mimi ni mke wa fulani na mama wa fulani. Nikaandika Fundi. Nikairudisha juu ya kiti.

Mkono ulipona, na amerudi barabarani. Jioni simu yangu hulia Kitale nikiwa nafunga kibanda. Hanisalimii. "Natoka," anasema, anakata. Baadaye inalia tena: "Nimefika." Hayo mawili tu. Juzi aliongeza la tatu, akasema taa imeanza kucheza kidogo akipita kwenye mashimo. Nikamwambia asitoke tena mpaka nije Jumamosi niangalie, na kwamba nitahitaji mtu wa kukaa kwenye kiti.

Hakukata.

"Gunia liko," akasema.